Kipimo cha Arobaini

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 2019, saa kumi jioni, waliofika ukumbini kwa ajili ya marehemu walikuwa hawa: mke wake, safu ya tatu; binti zake wawili, upande wa kulia wa mama yao; dada yake mkubwa, aliyekuja na mto wake wa kukalia; daktari wake wa moyo, karibu na mlango; na mzee aliyewahi kuiongoza okestra, sasa anatembelea mkongojo. Marehemu mwenyewe alikuwa jukwaani, nyuma kabisa, kando ya sanduku.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa tatu wa seremala, akasoma hadi sekondari, ambako alipiga ngoma katika bendi ya shule, akamaliza mwaka 1966. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa seremala wa ukumbi huohuo, na mwaka 1971, mpiga ngoma wa okestra alipohama, aliweka randa chini akashika virungu. Tarehe 19 Agosti 1972 alimwoa mshonaji wa mavazi ya jukwaani, wakajaliwa mabinti, 1974 na 1977. Wenzake walimwita Subiri Kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kunyamaza na kuhesabu, akikunja vidole, hadi zamu yake ifike.

Tarehe 8 Novemba 1986 okestra ilipiga muziki mpya uliowaacha watu midomo wazi, wapigaji wakikanyaga sakafu kwa vishindo na kupaza sauti, bati likitikiswa kama radi, na mwishoni fidla zikashika sauti moja nyembamba kwa vipimo arobaini, yaani mizunguko arobaini ya mapigo, ndipo ije nyundo, mara moja tu, juu ya sanduku la mbao ngumu alilolitengeneza marehemu kwa mikono yake. Alipiga kwenye kipimo cha thelathini na tisa. Kiongozi alizinyamazisha fidla papo hapo, kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa, ukumbi ukasimama kushangilia, gazeti likalisifu pigo lile, na mtu mwingine pekee aliyeambiwa ukweli ni mke wake. Tangu hapo, kila dada yake alipoanza kusimulia sifa za usiku ule, marehemu aliondoka mezani.

Alistaafu mwaka 2008, akagundulika na maradhi ya moyo mwaka 2015. Okestra ilipotangaza kuurudia muziki ule, aliomba nyundo yake, daktari akakataa.

“Daktari,” alimwambia, “nimebakiza kipimo kimoja.”

Daktari alikubali, kwa sharti kwamba naye awepo.

Jioni ile ya tarehe 15 Juni mke wake alihesabu pamoja naye, vidole mapajani. Kwenye thelathini na tisa nyundo ilikuwa juu, ikabaki juu. Kwenye arobaini ilishuka. Mzee wa mkongojo aliinamisha kichwa. Garini, dada yake alisema pigo lile la zamani lilikuwa zuri zaidi, na marehemu akacheka hadi binti mkubwa akasimamisha gari.

Familia inamshukuru daktari huyo, wauguzi wa wodi ya pili, majirani waliolala nasi, na okestra iliyolibeba sanduku hadi hapa kaburini. Baba, mume, mdogo wetu, utulie salama.

Alilazwa hospitalini Jumapili tarehe 23 Juni. Alifariki Jumatano tarehe 26, saa tatu asubuhi.