Vioo Vitatu vya Bwana Nyufa

Wafiwa na waombolezaji, mtuwie radhi mapema, kwa kuwa historia hii itasomwa vibaya, maana marehemu mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, aliagiza isomwe na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mtu aliyemaliza ujana wake jukwaani akijifanya mlevi, askari na mama mkwe, na ambaye mpaka leo akishika karatasi mbele ya watu husubiri kicheko. Familia ilimsihi marehemu achague mwingine, akasema, “Huyo ana sauti,” basi vumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu kutoka machimbo ya kokoto, mtoto wa nne wa mpasua mawe na mshona nguo, na inasemekana siku hiyo baruti ililipuka mara mbili, naye hakulia, alitazama dari.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1959 hadi 1966, ambako alichapwa viboko sita kwa kumwambia mwalimu mkuu kwamba ukuta wa darasa umeinama, ukuta ukaanguka wakati wa likizo, mwalimu mkuu asimwombe radhi, kwa kuwa ukubwa wa watu wadogo ndivyo ulivyo. Sekondari aliimaliza mwaka 1970, na chuo cha ufundi mwaka 1975, akiwa na stashahada ya mambo ya udongo na miamba.

Tarehe 2 Januari 1976 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa handaki la reli, akawa kila asubuhi anatembea mita elfu moja na mia moja gizani, tochi mkono huu, nyundo mkono huu, akigonga ukuta na kusikiliza, na mwaka 1988 akaongezewa miteremko na majengo ya mtaa wetu, yaani akatolewa kwenye mawe akaletwa kwa watu, na hapo ndipo taabu zake zilipoanza.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981, wakaishi pamoja miaka thelathini na tisa, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja, wote wapo hapa, na wote wakiingia nyumba ya mtu hutazama kwanza pembe za madirisha.

Marehemu alitueleza mpaka ulimi ukamchoka, kwamba tetemeko likija, handaki lililo ndani ya mwamba hutikisika pamoja na mlima wake, kama mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama, bali nyumba iliyosimamishwa juu ya udongo wa kujaziwa huyumba kama ndoo ya maji kichwani mwa mlevi, na mteremko ulioshiba maji ukianza kuondoka hauagi mtu. Nanyi mlimjibu nini? “Bwana Nyufa, wewe ukiona ufa unaona kaburi.” Mkajaza korongo taka na kifusi, mkapandisha ghorofa tatu juu ya nguzo nyembamba kama miguu ya korongo, mkaziba kwa saruji matundu ya kutolea maji kwenye ukuta wa kuzuia udongo, eti yanachafua nguo zilizoanikwa. Sikio la kufa halisikii dawa, ila la mtaa huu halisikii hata kishindo.

Tarehe 12 Aprili 2009 alibandika vioo vitatu vidogo juu ya ufa wa ukuta huo, uliopita nyuma ya nyumba ya shemeji huyu na karakana ya seremala jirani yake, akaandika tarehe juu ya kila kimoja, akasema, “Shemeji, kioo hakidanganyi, kimoja kikipasuka ujue ukuta unatembea, niite siku hiyo hiyo, watu wote wa chini wahame.” Tarehe 19 Mei alirudi, akavikuta vyote vizima, akaandika daftarini kwamba ukuta umetulia, na seremala, aliyekwisha kufunga mashine zake ahame, akaambiwa, “Fundi, fanya kazi yako.”

Tarehe 9 Juni 2009, saa tisa na dakika ishirini alasiri, ardhi ilitikisika. Handaki halikudondosha tofali, ila mdomo wake ulizibwa na udongo wa kilimani, na ukuta wetu ulikwenda wote, ukachukua jiko la shemeji na karakana nzima, na mguu wa seremala ukavunjika mara mbili.

Wakaja wataalamu watatu, kofia zao bado zina karatasi ya dukani, wakasimama juu ya kifusi robo saa, wakaandika kwamba mkaguzi alisoma vibaya, na marehemu akahamishiwa stoo, kugawa makoleo, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Nanyi mliomcheka kwa kuonya mkamlaani kwa kutoonya, na baadhi yenu leo mmekaa mstari wa mbele. Seremala hakuitikia salamu yake tena.

Tarehe 3 Novemba 2019 aligundulika kuwa na vumbi la mawe mapafuni, akafariki tarehe 22 Februari 2021, saa nne asubuhi, wodi namba tano, kando ya dirisha lenye ufa alioutia alama kwa penseli. Tunawashukuru madaktari, wauguzi ambao hawakuifuta alama hiyo, wafanyakazi wenzake wa handaki, majirani kwa kuja walau leo, na fundi seremala, aliyelichonga jeneza hili akiegemea magongo yake mawili.

Wiki moja kabla ya kufa, marehemu alimwuliza shemeji yake, “Ile picha yako ya jukwaani, pale sebuleni, mbona haina kioo?” Shemeji akafanya mzaha, kama kawaida yake.

Tarehe 14 Mei 2009 kioo cha katikati kilipasuka. Jumamosi yake nilikuwa namwoza binti yangu, viti vimekwisha kupangwa uani, nikakata kipande kwenye kioo cha picha ile, nikakibandika mahali pake kwa gundi, nikaiga tarehe.

Shemeji, ulale pema, hukusoma vibaya hata siku moja. Na wewe fundi, aliyekuvunja mguu ndiye huyu mwenye sauti.