Mrija wa Evaristi Umo Mtungini

Wengi mliosimama hapa mlimwita Kifua. Watoto walimwita hivyo njiani naye aliitika, maana hakuwa na pumzi ya kugombana. Leo, mbele ya jeneza lake, familia inaomba atajwe kwa jina alilobatizwa: Evaristi Mpawenimana, mchonga mawe wa Nyamihanda.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 hapa hapa Nyamihanda, wilaya ya Kasulu, mtoto wa pili wa mzee Ndihokubwayo na bibi Anastasia, ambao wote wametangulia. Marehemu bibi alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alizaliwa akilia kwa sauti kubwa mno hata mkunga akasema, "Huyu mapafu yake ni ya mpiga mbiu wa mwami, mtemi wetu."

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Hesabu hazikumpenda, lakini mbio zilimpenda. Wenzake waliposhindana kupanda mlima wa nyuma ya shule, Evaristi alifika juu kwanza, akageuka, akawaimbia wakiwa bado wanapanda. Baadhi ya waliokuwa wakiimbiwa wapo hapa, wanajijua.

Tarehe 17 Julai 1976 alifunga ndoa na Epifania, binti wa Murungu, wilaya ya Kibondo. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha, alipanda na baiskeli ile miinuko yote bila kushuka kuisukuma, akafika uani na kuamkia kana kwamba ametoka nyumba ya pili. Baba mkwe alimtazama kifuani kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Huyu hahemi?"

Epifania, aliyekuwa jikoni, akadakia, "Anahema, baba, ila hapendi kusikika."

Mungu aliwajalia watoto watano.

Kazi ya kuchonga mawe alijifunza kwa fundi mmoja wa Kigoma mjini. Mwaka 1983 kigango chetu kilipoamua kujenga kanisa la mawe, alipewa yeye kazi ya kuchonga, pale kwenye mwamba mweupe unaometameta. Jiwe lile ni gumu, na likipigwa patasi wakati wa kiangazi hutoa vumbi jembamba kama unga. Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na wanawe walimkimbilia wakipiga kelele kwamba baba amekuwa mzungu. Aliwapungia mkono wa kizungu na kuwauliza kwa kupitia puani, "Chakula tayari?"

Lakini juu ya mwamba ule ndipo kina mama walipoanikia mihogo. Vumbi lilitua juu ya mihogo, na ugali ukawa unalia mchanga menoni. Wakalalamika, na kwa haki. Kikao kikakaa chini ya balozi wa nyumba kumi, mzee Niyonzima, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja. Ikaamuliwa Evaristi ajengewe uzio wa nyasi na mikeka pande zote, na paa juu, achongee humo ndani ili vumbi lisitoke. Halikutoka. Mihogo ilibaki safi na ugali wa Nyamihanda ukawa mweupe tena. Vumbi lote likabaki mle ndani pamoja na mtu mmoja. Alichonga humo hadi kanisa likaezekwa mwaka 1988, na baadaye, wakimbizi walipofika kambi ya Mtabila na barabara ikahitaji kokoto, alirudi humo humo.

Ugonjwa ulianza polepole, mwaka 1994. Kwanza alianza kushuka kwenye baiskeli mlimani. Halafu akaanza kusimama katikati ya shamba, ameegemea jembe. Aliyekuwa akiwaimbia wenzake kutoka kileleni sasa alipitwa na wanawake wenye ndoo za maji kichwani. Na kwa kuwa akikaa alionekana mzima, akipiga soga na kucheka, watu walipata la kusema. "Akipewa kigoda anacheka, akipewa jembe anakohoa." Msemo huo ulitungwa kijijini hapa, na ulichekesha sana.

Baadaye kikohozi kilipozidi, uvivu ukasahauliwa, ikawa kifua kikuu. Zahanati walimsikiliza kifua wakamwanzishia sindano. Makohozi yake hayakupimwa. Sindano hazikusaidia, akaanzishiwa nyingine. Hapo ndipo alipotolewa kwenye mtungi.

Kwetu wanaume hunywa pombe ya ndizi kutoka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, vichwa vikikaribiana. Asiye na mrija mtungini si wa ukoo huo. Evaristi alipelekewa kibuyu chake pembeni, karibu na kuku. Alikipokea, akasema asante. Nyumbani alimwambia mkewe, "Kukohoa nimezoea. Kile kibuyu, Epifania, sikizoei." Tangu siku hiyo hakutaka lingine zaidi ya kurudisha mrija wake.

Februari 1998 alipelekwa hospitali akiwa na binti yake Esteri, mwanafunzi wa sekondari. Daktari Badru, mtu wa pwani, alimpiga picha ya kifua, akaitazama, kisha akauliza swali ambalo kwa miaka minne hakuna aliyeliuliza: "Mzee, unafanya kazi gani?"

Aliposikia habari za mwamba na uzio, daktari aliweka picha mezani. Akamwomba atembee ukumbini, kwenda na kurudi. Aliporudi, midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, na mabega yakipanda na kushuka.

"Mtu akiwa amekaa, mwili unatosheka na hewa kidogo," daktari alimweleza Esteri. "Akitembea, misuli inaomba hewa zaidi. Moyo unakimbia kupeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa. Ya baba yako vumbi limeyatia makovu, hewa haipenyi. Moyo unakimbia hadi dukani, unakuta duka limefungwa."

"Kwa hiyo akikaa akacheka, alikuwa hadanganyi?"

"Hadanganyi. Akikaa ni nafuu kweli, akisimama ni mgonjwa kweli. Mtu ni yule yule."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Evaristi mwenyewe aliuliza moja tu. "Naambukiza?"

"Makohozi tumeyapima, hayana kifua kikuu. Na vumbi la jiwe haliambukizi, mzee. Wangeugua wenzako kama wangelivuta pamoja nawe."

Akacheka. "Wenzangu walikuwa na busara, daktari. Walinijengea uzio."

Aliambiwa pia kwamba dawa ya kuondoa makovu hakuna. Hilo kama hakulisikia. Alirudi Nyamihanda amefurahi kama aliyepona.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, alikata mrija mpya, akaenda uani kwa kaka yake, akauchomeka mtungini. "Kaka, daktari amesema siambukizi."

Mzee Niyonzima akajibu, "Daktari wa pwani atajuaje ya mtungi wetu?" Akachomoa mrija wake mwenyewe. Wengine wakachomoa yao, mmoja mmoja, polepole, kama watu wanaotoa miiba.

Evaristi aliinama akanywa peke yake. Akasema, "Haya. Tangu lini mdogo mtu akaachiwa na kaka yake mtungi mzima?" Hakuna aliyecheka. Akafuta mrija, akarudi nao nyumbani akipumzika penye kila mgomba.

"Mbona umewahi?" Epifania alimwuliza.

"Nimeshiba. Wamenipa yote."

Hakwenda tena. Miezi ya mwisho alilala ameketi, ameegemea mkeka uliokunjwa, kwa sababu akilala chali alizama. Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, asubuhi, mvua ikinyesha, alisema, "Fungueni mlango." Mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri. Akasema tena, kisha akanyamaza. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mjane, Epifania, watoto watano, Esteri akiwa wa tatu, wajukuu wawili, na kaka yake, mzee Niyonzima. Ameacha pia kanisa, ambalo kuta zake mmeziegemea leo asubuhi bila woga.

Mama Epifania ameagiza yafuatayo yasomwe kama alivyoyasema. Tukitoka makaburini, mtungi uko uani kwake. Mrija wa Evaristi, ule wa Pasaka, ameshauchomeka yeye mwenyewe wa kwanza, na hautatolewa. Atakayekunywa kwenye msiba huu atachomeka wake kando ya huo. Anayeogopa, vibuyu vipo pembeni, karibu na kuku.

Lala, Evaristi Mpawenimana. Uendako Mungu asikuwekee mlima, na mlango uukute wazi.