Mwinjilisti Aliyebaki Kariakoo Kila Krismasi

Tarehe 30 Novemba 1983, Mwinjilisti Elisaria Swai anastaafu baada ya kuutumikia usharika wetu wa Kilutheri hapa Kariakoo kwa miaka ishirini na sita. Usharika wenyewe una umri huohuo, kwa hiyo anayetaka historia yake hana haja ya kufungua kabati la ofisi. Akae na Elisaria, amwagize chai, na asiwe na haraka, maana mzee wetu huanzia kwenye mvua za mwaka 1957.

Mwaka huo walikuwa familia saba kutoka Machame, wauza vitunguu, viazi na ndizi sokoni, na hawakuwa na pa kusalia. Mzee Hashil, Mwarabu mwenye duka la jumla mtaa wa nyuma, aliwaazima stoo yake kila Jumapili asubuhi. Ilikuwa stoo ya papa mkavu. Elisaria, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa, ndiye aliyesogeza magunia, akafagia, akagonga rimu la lori lililokuwa kengele yetu, kisha akanawa mikono na kuhubiri. Waumini walirudi majumbani wakinuka papa mpaka Jumatatu. Alikubaliana na Mzee Hashil kwamba rimu lisigongwe wakati wa adhana, na hadi leo halijagongwa.

Mwaka 1963 tulipata jengo letu la matofali, lenye mlango mkubwa wa barabarani na mlango mdogo wa uani. Ibada ilikuwa kwa Kichaga, kisha mahubiri yakifupishwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wale waliokaa benchi la nyuma, watu wa Njombe, Tukuyu na kwingineko. Ufupisho wenyewe ulikuwa mfupi kweli. Lisaa lizima la Kichaga lilitoka na sentensi nne.

Mchaga na Disemba kila mtu anawajua. Ikifika tarehe ishirini, usharika mzima uko kwenye basi la Moshi, mchungaji akiwa kiti cha mbele. Lazima mtu abaki, na mwaka 1957 wazee walimwambia Elisaria abaki yeye kwa kuwa hakuwa na mke bado. Walimwahidi kuwa ni mwaka huo tu. Alioa, akapata watoto watano, mke na watoto wakawa wanapanda basi kama wengine, na yeye akirudi kufagia. Hakuna aliyemuuliza kama angependa zamu ibadilike. Hata mimi niliyefika mwaka 1971 sikumuuliza, na naona haya kuliandika.

Sasa nifike kwenye Disemba ya 1974. Kwa kuwa waliobaki walikuwa watu watatu au wanne, Elisaria alizoea kuwapitisha mlango wa uani. Mlango mkubwa aliuona ni wa usharika, na usharika ulikuwa Kilimanjaro. Kwa hiyo mpita njia aliona kanisa limefungwa mwezi mzima, kila mwaka. Ijumaa ya tarehe 20 ikaja barua kutoka ofisi moja ya viwanja. Ilisema jengo limeripotiwa kuwa halitumiki, linafaa kuwa ghala, na maofisa wangekuja kulitazama Jumapili ya tarehe 29. Mabasi yalikuwa yameshaondoka. Kupoteza jengo lile kungekuwa kurudi kwenye papa, na safari hii Elisaria alijua kosa ni lake.

Akawakumbuka watu wa benchi la nyuma. Hapo ndipo alipogundua jambo lililomuuma kuliko barua: kwa miaka kumi na moja aliwapa mkono mlangoni, na hakujua hata jina moja. Alikwenda kwa Mzee Hashil akaanza kueleza: yule dada wa miwani, yule mrefu wa bandarini.

"Mwinjilisti," Mzee Hashil akamwambia, "watu wako unakuja kuwauliza kwangu? Huyo wa miwani ni Paskalina, nesi, anakaa Mchikichini. Huyo mrefu sukari yake anachukua hapa kila Jumamosi." Aliwataja wote, na kila mmoja anakoishi. Elisaria alitembea siku nne kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba, akiomba kwanza radhi, halafu ndipo akieleza habari ya barua.

Jumapili ile alifungua mlango mkubwa. Walikuja watu sitini na wawili, kwa maana kila aliyealikwa alikuja na jirani yake. Ibada ilikuwa ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ofisa mmoja alimwuliza Paskalina kama wao ni wageni tu waliokusanywa.

"Mgeni ni anayeondoka," akajibu. "Sisi Krismasi tunasali hapa. Kwetu ni hapa."

Barua ya pili ilikuja Februari, na jengo likabaki letu. Sisi tuliporudi na ndizi zetu tulikuta ibada imekuwa ya Kiswahili na Paskalina amekaa benchi la mbele. Mzee wetu mmoja, Eliakimu, alinuna miezi mitatu. Alirudi Pasaka kwa sababu, kwa maneno yake, "besi ya kuimba peke yangu bafuni hainogi." Leo usharika una watu wa mikoa kumi na moja, kwaya mbili, na Paskalina ni mzee wa kanisa. Wengi wao wanamwita Elisaria baba, nao wana haki.

Huyo ndiye Elisaria. Katika miaka hii ya foleni za sukari na sabuni huacha kitabu cha nyimbo kimshikie nafasi dukani. Mara nyingi akirudi hukuta kimesogezwa mbele watu watatu.

Mwaka huu zamu imebadilika, ingawa tumechelewa mno. Familia kumi na nne za Kichaga, yangu ikiwamo, hazitasafiri. Mlango mkubwa tutaufungua sisi.

Mwinjilisti, asante kwa kuulinda usharika na kwa kutufundisha kuuliza majina. Basi lako ni la tarehe 20 Disemba, kiti cha dirishani, tikiti anayo mkeo. Upumzike vyema, afya ikae nawe, migomba ikuzalie. Mama yako ana miaka sabini na tisa, na tangu uondoke Machame hajakaa benchi moja na mwanawe wa kwanza siku ya Krismasi. Mwaka huu atakaa. Tunawatakia nyote wawili sikukuu njema.

Klara Mushi, karani wa usharika