Kuoshwa kwa Mashine ya Vumilia

— Asiyeamini anyooshe mkono sasa hivi, nimwaibishe mbele ya kahawa yake!

Aliyesema hivyo ni Kastori, asubuhi ya Ijumaa, amesimama mbele ya benchi la mtaa wa Yoba, laptop imefunguka mikononi mwake kama sinia la harusi. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, kando ya kibanda cha Kastori cha kutengenezea simu, na mtawala wake ni Amisa, mama mwenye birika la kahawa ya tangawizi. Wakaaji walikuwa wale wale. Manase, anayeitwa Duwane, yaani forodha, alibeba mizigo mpakani Kobero miaka mingi mpaka akajiona ofisa wa forodha. Hamadi hubeba abiria kwa baiskeli, na jina lake ni Breki, kwa sababu baiskeli yake haina. Kastori naye wamempa jina la Dogiteri, yaani daktari. Shule aliiacha mapema. Mwenyewe anasema walimu walikuwa wanamchelewesha.

— Mi siamini, akasema Hamadi, mkono juu.

— We unakataa kabla ya kusikia!

— Nakujua, sha.

Kastori akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka hapo hapo, kioo cheupe, safi, hakuna hata kumbikumbi aliyetua.

— Umeona? Hata mate hujameza. Hii ni ya Vumilia wa Gishubi, yule mwalimu aliyerudi toka Tanzania. Ilikuwa mahututi! Ukiiwasha, unaenda sokoni, unarudi, iko inazunguka tu. Bon, jana nikaifanyia operesheni. Nimefuta yote, nikapiga Windows mpya. Sasa ni kama imetoka kwenye boksi leo.

— Umefuta yote? Amisa akauliza, birika limesimama hewani. Na sauti ya baba yake?

Baba huyo, Mzee Fabiano, alikuwa amefariki Muyinga mwaka uliopita. Kabla ya kwenda, alimwita binti yake Vumilia, akaomba mashine ile, akajirekodi peke yake, mlango umefungwa, akaagiza rekodi isifunguliwe mpaka siku ya kuganduka, familia itakapovua msiba na kusikia aliyoyaacha marehemu. Siku hiyo ilikuwa kesho. Watoto wengine walishavuka mpaka toka Tanzania, wamefikia kilimani, nyumbani kwa baba yao, wanangoja.

— Mama Amisa, mi si mtoto, Kastori akacheka. Nilikopi kwanza. Flashi ndiyo hii! Vyote vilivyokuwa pale kwenye kioo nimevifagia, vikaingia mara moja. Fundi mwingine angekesha.

— Tusikie basi, akasema Manase. Neno moja tu. Mzee Fabiano nilimbebea magodoro Kobero siku anarudi nchini. Nataka nisikie anavyokohoa.

— Si heshima, Duwane, akasema Amisa.

— Tutavua kofia.

Kastori akachomeka flashi. Jina likatokea: *Sauti ya Baba*. Akaligonga. Mashine ikajibu kwa Kifaransa kwamba haikioni kitu hicho. Akaligonga tena, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani kiziwi. Jibu lile lile. Ndipo akakiona kimshale kidogo kwenye pembe ya picha ile, na kwenye pembe ya kila picha aliyoifagia jana. Kimshale hicho alikuwa akikiona kila siku ya kazi yake. Alijua maana yake, ila jana alikuwa na haraka ya kusifiwa. Alichokopi ni vibao vya njia ya kwenda kwenye mafaili. Nyumba zenyewe alikuwa amezichoma.

Akaichomoa flashi, akaichomeka tena.

— Imegoma? akauliza Hamadi.

— Inapumzika.

— Dogiteri, mgonjwa wako amekufa, sema tu.

— Tulieni! Manase akainua kidole. Kitu kikifutwa hakifi. Pale Kobero, mzigo ukikataliwa huku, na Kabanga, upande wa Tanzania, wakaukataa kule, unakaa katikati. Sauti ya mzee iko katikati, inangoja mtu wa kuisindikiza.

— Katikati ya nini? Mashine iko na mpaka?

— Iko na disiki C, iko na disiki D. We unaita nini hiyo?

— Mi nasema imeshuka na waya, akasema Hamadi. Alichomeka ukutani, si ndiyo? Donc imeondoka na umeme. Jana usiku taa ya kwangu ilinguruma, nikamwambia mke wangu, huyo ni mtu mzima anahutubia.

— Ilinguruma kwa Kirundi ama kwa Kiswahili?

— Kirundi cha Muyinga kabisa.

Amisa akacheka bila kutaka. Kastori hakucheka. Alikuwa anafungua na kufunga flashi, anafungua na kufunga.

— Yemwe, sikilizeni, Manase akaendelea, sasa macho yanawaka. Sauti yake mi naijua. Nipelekeni Muyinga kesho. Nijifiche nyuma ya pazia, niwahutubie wale watoto.

— Utawaambia nini?

— Wapendane. Wazee wote wanasema hivyo.

— Na shamba? Na ng'ombe ni wa nani?

— Hapo nitakohoa sana.

Kastori akatoka pembeni na simu. Akampigia Faraz, mtoto wa Hasham mwenye duka la kompyuta mjini, fundi ambaye siku zote alimsema kuwa ni mwoga, kazi kubwa hagusi. Akamweleza kwa sauti ya chini. Faraz hakumcheka, na hilo likamtisha zaidi.

— Vinaweza kurudi, akasema Faraz. Baada ya kufuta, hujaweka kitu kingine juu yake, bhai?

— Filamu tu.

— Chache?

— Nimeijaza. Mpaka ikakataa. Nilitaka akifungua akute zawadi.

— Ilete hata hivyo, akasema Faraz. Lakini usimwahidi mtu.

Kastori aliporudi, kahawa yake ilikuwa imepoa na wenzake wameacha kubishana. Vumilia alikuwa amefika. Amevaa kitenge cha safari, begi begani, uso mtulivu wa mtu aliyekwisha kulia kwa mwaka mzima na sasa anakwenda kumaliza.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Shikamoo, mama Amisa. Gari la Muyinga linanisubiri, sikai. Mdogo wangu Kastori, imejaa?

Manase alimtazama Hamadi, Hamadi akamtazama Amisa.

— Imejaa nini, mwalimu? akauliza Hamadi, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Kastori alitaka kusema jambo la kuchekesha. Alilitafuta, akalikosa.

— Chaji, akasema. Anauliza chaji.

Akaiweka laptop kwenye benchi, taratibu, kama kwamba bado kuna kitu cha kuvunjika.

— Nimewadanganya. Haikuwa mgonjwa. Hii mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Dada alinipitia jana, akasema, mdogo wangu, kwa baba kule hakuna umeme, nichajie mpaka kesho. Basi. Hakuniambia niiguse. Mi nikaiwasha, nikaona inachelewa kidogo, nikasema ngoja akija ashangae, na nyie pia mshangae, maana mnasema najua kubadilisha vioo vya simu tu.

— Uliigusa vipi? Vumilia akauliza.

Amisa akasogea, akaacha nafasi kwenye ubao.

— Kaa kwanza, dada, akasema Kastori. Chaji imejaa. Sauti ya mzee nimeifuta.