Kungwi na Nyonga ya Chuma

Tangu basi litoke Ziwani, Bi Somoe alikaa upande kama aliyekalia yai, nyonga ya kulia ikimtwanga kwa kila shimo la barabara. Jirani yake kitini, Mzee Anselimu wa bandarini, hakumjua, lakini miguno yake ilimtosha kuanza kuuliza.

"Wananipeleka Dar wakanitie nyonga ya chuma," alimjibu. "Mpaka siku hiyo nijikande maji ya moto, nitembee na fimbo, nisikae chini. Na hata nikipona, daktari anasema, nisikae chini tena! Mimi kungwi, baba. Tangu enzi za Mwingereza nakaa mkekani namfunda mwali, goti kwa goti."

"Si wakuwekee kiti, mama?"

"Kwenye kiti anakaa hakimu."

Mzee alicheka, ila hakukubali. "Kiti hakiumi. Hayo maumivu ndiyo mabaya."

"Maumivu nimeyazoea. Kukaa kitini, mwali yuko chini, sijazoea."

Nje mikorosho ilikuwa ikipita, naye Bi Somoe aliona uwanja wa zamani: ngoma zinaota moto, wanawake wanampisha katikati, na nyonga hii hii inazunguka mpaka vikongwe wanapiga vigelegele. Alijikuta anatabasamu peke yake.

Basi lilisimama kwenye hospitali ya mjini, alikokuwa akifuata barua ya kwenda Dar. Alishuka kinyumenyume, ameng'ang'ania mlango.

"Na hicho chuma," Mzee alimwuliza dirishani, "kitajua kucheza?"

"Kikishaingia kwangu," alisema, akipokea fimbo yake, "kitafundwa."