Nani Alikuwa Akizima Pampu

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa maghala ya ufuta, Ikwiriri: benchi mbili, birika la Bi Tabu na kashata zake. Alasiri ile tulikuwa wanne. Mimi; Nasibu tunayemwita Profesa; Ashrafu Kobe, dalali wa mpunga; na Gharibu Shoti, fundi umeme. Asubuhi mtaalamu kutoka Dar alikuwa ametengeneza pampu ya maji ya mtaa, ambayo mwezi mzima ilikuwa ikiwaka na kujizima. Kwa ajili ya kuzima huko, mkutano wa mtaa ulimfukuza kazi Mwamini, mjane aliyekuwa akiilinda. Tulisema anaizima kusudi ili shemeji yake auze maji ya madumu. Waliopiga kelele kuliko wote ni sisi wa kijiweni.

— Ule mnara wa simu, alianza Kobe. Mawimbi yanaipiga pampu kichwani.

— Acha zako. Ni jini la mtoni, alisema Profesa. Pampu inavuta huku, lenyewe linavuta kule. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Jini na nguo wapi na wapi?

— Basi tembo wa Mloka. Wanajikuna kwenye nguzo, umeme unatikisika mpaka huku.

— Shoti, nikasema, fundi ni wewe. Mbona kimya?

Gharibu hakuinua uso.

— Ni mimi.

— Wewe nini?

— Kule kwenye tangi kuna kipimo. Kinatuma habari kwa waya mwembamba hadi kwenye boksi la pampu: maji yamejaa, maji yamepungua. Waya ule ndani umevishwa wavu wa shaba. Siku naufunga, ule wavu nikauona takataka, nikaukata. Halafu waya wenyewe nikaupitisha bomba moja na waya mnene wa mota, kukwepa kuchimba mtaro wa pili.

— Kwani huo wavu kazi yake nini?

— Kinga. Unaufunga ardhini, upande mmoja tu, makelele ya umeme wa mota yakapotelee chini. Bila wavu yanaingia kwenye habari. Mota ikiwaka tu, boksi linasikia tangi limejaa. Linazima.

— Linasikia uongo.

— Linasikia uongo, Kobe.

— Umejua lini?

— Leo nimehakikishiwa na yule mtaalamu. Lakini kushuku nilishuku tangu wiki ya kwanza. Siku ya mkutano nilikaa nyuma kabisa. Nikasema moyoni, wakishamtoa Mwamini, fundi haulizwi.

Hakuna aliyemgombeza. Tungemgombeza kwa mdomo upi? Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu nikaapa kwamba nimeyaona madumu uani kwa shemeji yake Mwamini. Na kweli niliyaona. Yalikuwa matupu, yana vumbi. Hilo la vumbi sikulisema. Mwamini alinitazama, akafunga khanga yake vizuri, akaweka ufunguo wa pampu mezani, akatoka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema Profesa. Pampu si inafanya kazi? Yameisha.

— Yameisha, alidakia Kobe. Na Mwamini mwenyewe yuko zake Ngorongo kwa kaka yake, anakula vizuri tu.

— Umemwona?

— Sijamwona.

Mwalimu Zefania, mgeni aliyehamia shule yetu wiki ile, alikuwa amesimama anasubiri kufungiwa kashata. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini wazee wangu, alisema kwa upole. Huyo mama ameshaambiwa?

Profesa alifungua kinywa, methali haikutoka. Kobe akainama kufunga kamba za viatu. Gharibu alifunika uso kwa viganja vyake viwili.

Mwalimu alipokea kashata zake akaaga. Hatukuitikia vizuri. Pale stendi utingo alikuwa akipiga bati la gari na kuita, “Ngorongo! Wawili tu! Ngorongo!” Alisikika wazi kabisa. Aliita mpaka akachoka, gari likaondoka, nasi tukiwa tumekaa vilevile.