Leticia Petro Bakili, Mkunja Samaki wa Mchafukoge

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na Samson, mdogo wa marehemu. Familia ilimwomba awe mfupi na asiseme maneno makali. Kwenye ufupi amejitahidi.

Leticia alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Mikindani, mkoani Mtwara, akiwa mtoto wa tatu wa Katekista Petro Bakili na Mama Anastasia. Baba alifundisha dini, na mama, maji yakipwa, alishuka pwani na kijiti chake kutafuta pweza kwenye miamba. Leticia alilelewa na vitu hivyo viwili na hakuwahi kuona sababu ya kuvitenganisha. Akiwa na miaka saba alimuuliza baba yake, katikati ya mafundisho, kama pweza naye aliingia katika safina ya Nuhu au alibaki nje akiogelea zake. Baba alicheka mpaka akafunga kitabu, na mafundisho ya siku hiyo yakaishia hapo.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mikindani kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na jambo hilo lilimuuma kwa miaka mingi, ingawa alilitaja mara moja tu. Mwaka 1979 alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yake, akapata kazi katika duka la steshenari la Mzee Hafidhi, Mchafukoge, ambako alijifunza kujalidi vitabu. Alikaa hapo miaka thelathini na sita. Vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye mashine ya kukatia hakuvitupa, bali alivikunja vikawa kaa, kasa na pweza, na safari moja akatengeneza nyangumi anayefungua mdomo, ndani yake amekaa nabii. Mzee Hafidhi alimning'iniza nyangumi huyo juu ya kaunta. Leticia akisema ni Yona, mzee alimjibu ni Yunus, na wote wawili waliridhika.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Damasi Chilumba, fundi mizani wa soko la Kariakoo, wakajaliwa binti mmoja, Tekla. Damasi alitangulia mbele ya haki mwaka 2009. Siku ya mazishi yake Leticia alirudi makaburini kuchukua mkoba aliousahau, akakuta ratiba za mazishi zimeachwa kwenye viti na nyingine zimetupwa chini. Moja ilikuwa na alama ya soli ya kiatu juu ya uso wa mumewe. Aliziokota zote.

Tangu hapo, kila msiba wa parokia, yeye ndiye aliyebaki nyuma akiokota ratiba. Watu walidhani anasaidia usafi. Nyumbani alikata kwanza sura ya marehemu na kuihifadhi katika kopo la biskuti, kisha karatasi iliyobaki, ngumu na yenye rangi nzuri, akaikunja samaki kwa ajili ya watoto aliowafundisha dini. Kila baada ya miaka mitatu, Injili ya Jumapili ya tatu ya Pasaka inapoeleza wavu wa Petro, alitundika kanisani samaki mia moja hamsini na watatu, na watoto waliwahesabu. Akipungua mmoja, hapakukalika.

Tarehe 1 Mei 2022, Jumapili ya wavu, macho yake yalikuwa tayari na mtoto wa jicho, na hakuwa amemwambia mtu. Mzee Zakayo wa Msimbazi alizikwa Februari ya mwaka huo. Ratiba yake ilikuwa na picha mbili, kubwa ya mbele na ndogo ya nyuma, ya ujana wake, amevaa koti. Leticia aliikata ya mbele, ya nyuma hakuiona. Katikati ya mahubiri upepo wa feni ulimgeuza samaki mmoja, na mjane wa Mzee Zakayo, Mama Elimringi, akainua macho, akamwona mumewe tumboni mwa samaki.

Alipanda juu ya benchi akamchomoa. "Mume wangu si takataka, Leticia," alisema, kanisa zima likimsikia, akatoka naye.

Kamati ya parokia iliamuru samaki wote washushwe, na Leticia akaondolewa kufundisha watoto. Hakujitetea. Alikwenda Msimbazi mara tatu kuomba radhi, na mara tatu aliambiwa mwenyewe hayupo, wakati kandambili zake zilikuwa mlangoni. Samson alimshauri alichukue lile kopo, akawaonyeshe watu jinsi alivyokuwa akizitunza sura za marehemu wao.

"Mwanamke anayeishi peke yake, ana kopo limejaa sura za wafu," Leticia alimjibu. "Watu wa hapa wataniitaje, Samson?"

Samson alijua wangemwita mchawi, akanyamaza. Ukimya huo unamuuma mpaka leo. Dada yake hakukunja tena karatasi, na Mei mwaka huu, Injili ya wavu iliposomwa, alikaa benchi la nyuma akitazama dari tupu.

Kisukari kilichomsumbua tangu mwaka 2016 kilifika kwenye figo mwaka jana, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kila aliyeingia wodini aliulizwa kama Mama Elimringi ameulizia hali ya mgonjwa. Tekla alizoea kujibu kwamba ameulizia. Haikuwa kweli, na Tekla ameomba jambo hilo lisemwe hapa. Leticia alifariki Jumatano, tarehe 15 Oktoba 2025, saa nne asubuhi.

Alhamisi Mama Elimringi alikuja msibani pamoja na wanajumuiya wenzake. Samson alilileta lile kopo akaliweka mkekani mbele yake, na si kwa upole, kwa sababu alitaka naye aumie. Ndani mlikuwa na bahasha zilizopangwa kwa miaka, na kila sura ilikatwa kwa kufuata mabega, bila kugusa sikio la mtu. Mama Elimringi alitafuta mpaka akaifikia ya mwaka 2022, akamwona mumewe. Kisha alifungua Biblia yake, akatoa samaki aliyebanwa humo miaka mitatu.

"Huyu alimkosa," alisema. "Mkasi uko wapi?"

Alimkunjua samaki huyo mapajani, akamkata mumewe taratibu kwa kufuata koti, akamtia katika bahasha pamoja na mwenzake. Alisema amechelewa. Samson hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu.

Kwa hiyo ratiba mliyoshika ina picha moja tu ya marehemu, mbele. Nyuma tumepaacha wazi. Msiiache kwenye kiti. Mama Elimringi atasimama getini na kopo na mkasi, mumpe yeye. Injili ya wavu itasomwa tena mwaka 2028 na samaki wa kukunjwa ni wengi. Kamati bado haijakubali, ila Mama Elimringi amesema atazungumza nao yeye mwenyewe.

Leticia ameacha binti yake Tekla, wajukuu wawili, mdogo wake Samson, na familia ya Mzee Hafidhi, ambao nyangumi wao bado ananing'inia juu ya kaunta.

Dada yetu apumzike, na sura yake isikanyagwe.